Salzburg hadi Leipzig: kila nyumba ya mtunzi wa muziki niliuliza nani alilipa

Jumamosi, Salzburg

Getreidegasse ni mtaa mwembamba uliojaa maduka, na nyumba namba 9 huwezi kuipita bila kuiona: kuta za manjano, foleni mlangoni, na kila aliye kwenye foleni kashika simu juu. Ghorofa ya tatu ndipo alipozaliwa Wolfgang Amadeus Mozart tarehe 27 Januari 1756. Mama yake alizaa watoto saba, wakabaki hai wawili tu, Wolfgang na dada yake Maria Anna, ambaye nyumbani walimwita Nannerl.

Kwenye kabati la kioo kuna fidla aliyopigia utotoni. Nilitegemea kitu cha fahari. Ni kifidla kidogo cha rangi ya kahawia, cha mtoto ambaye bado anafungiwa vifungo vya shati na mama yake. Baba yake, Leopold, alikuwa mpiga fidla wa askofu mkuu wa Salzburg na mwalimu mkali. Mwaka uleule mwanawe alipozaliwa alitoa kitabu cha kufundishia fidla. Alipoona watoto wake wana kipaji, mwaka 1763 alipakia familia nzima kwenye gari la farasi, wakazunguka Ulaya zaidi ya miaka mitatu, Paris, London, ikulu hadi ikulu. Malipo mara nyingi hayakuwa fedha bali zawadi, vikasha vya dhahabu na saa. Alipokuwa kijana wa miaka 21 Mozart alimwandikia baba yake kwamba sasa ana saa tano, na anafikiria kushonesha mfuko wa saa kwenye kila mguu wa suruali ili akienda kwa bwana mkubwa avae mbili, labda huyo atashtuka asimpe ya sita. Barua hiyo imenichekesha tangu nilipoisoma mara ya kwanza, maana mwalimu yeyote wa kwaya amewahi kwenda kuimbisha harusi akarudi na kitenge badala ya nauli.

Nannerl naye alipiga kinanda mbele ya wafalme, na kwenye matangazo ya safari za mwanzo jina lake lilikuwemo. Alipofikia umri wa kuposwa, baba akamwacha nyumbani akaendelea kusafiri na mvulana. Wageni wengi niliokuwa nao walipita kwenye picha yake kama wanapita mlango wa stoo.

Askofu mkuu Colloredo alimlipa Mozart gulden 450 (gulden ni sarafu ya huko enzi hizo) kwa mwaka awe mpiga kinanda wa ikulu. Mwaka 1781 alimwita Vienna, akamkalisha kula na watumishi: mezani Mozart alikuwa chini ya wahudumu wa chumbani na juu ya wapishi. Aliomba kuacha kazi. Mwezi Juni msaidizi wa askofu, Count Arco, alimsindikiza nje kwa teke la makalio. Hayo yote tunayajua kwa sababu mwenye makalio aliyaandika mwenyewe.

Jumapili, Vienna

Treni ya saa mbili na nusu. Ukitoka tu kwenye uwanja wa kanisa la Stephansdom unadakwa na vijana waliovaa mawigi meupe na makoti mekundu, wanauza tiketi za konseti za watalii. Nilimwambia mmoja kwamba naenda nyumbani kwa mwenye wigi halisi. Hakucheka.

Ni nyuma tu ya kanisa, Domgasse 5. Mozart aliishi hapa na mkewe Constanze kuanzia 1784 hadi 1787, na hapa ndipo alipotunga opera ya *Harusi ya Figaro*. Samani zake hakuna hata kiti. Wenye jumba wenyewe hawadai kujua chumba kipi alilala na kipi alifanyia kazi, na uaminifu huo umenipendeza kuliko mapambo. Kinachosema ni kodi: kama gulden 460 kwa mwaka. Yaani pango la nyumba peke yake lilimeza mshahara wote aliokuwa akilipwa na askofu. Na aliweza! Alifundisha piano watoto wa matajiri, aliandaa konseti za kulipia kiingilio, aliuza nota. Februari 1785 mtunzi mwenzake, Joseph Haydn, alikuja hapa kusikiliza kwarteti mpya, yaani tungo za ala nne za nyuzi, akamwambia Leopold kwamba mwanawe ndiye mtunzi mkubwa kuliko wote anaowajua.

Miaka mitatu baadaye alikuwa anamwandikia rafiki yake Puchberg barua za kuomba mkopo, moja baada ya nyingine. Vita na Waturuki ilikuwa imewaondoa matajiri mjini, mke mgonjwa, na mshahara mpya wa kaisari ulikuwa gulden 800 wakati mtunzi Gluck, aliyemtangulia, alipata 2,000. Wengi husema Mozart alikuwa maskini. Alikuwa mtu wa kipato kizuri kisichotabirika, mwenye matumizi ya mtu wa kipato kizuri kinachotabirika.

Jumatatu, makaburini

Nyumba nyingi za watunzi hapa Vienna zinafungwa Jumatatu, basi nikapanda tramu namba 71. Watu wa hapa wana utani kwamba fulani "amepanda 71" wakimaanisha amefariki, kwa sababu tramu hiyo inaelekea makaburi makuu.

Njiani nilishuka St. Marx. Mozart alifariki 5 Desemba 1791, akazikwa hapa bila jiwe. Hadithi ya kutupwa shimoni kama fukara si sahihi. Sheria za mazishi za Kaisari Joseph II ziliwataka watu wa kawaida wazikwe bila mbwembwe, na kaburi lilitumika tena baada ya miaka kadhaa. Constanze alipokuja baadaye kulitafuta, hakuna aliyeweza kumwonyesha. Leo kuna nguzo iliyokatika na malaika mwenye huzuni, mahali palipokisiwa.

Makaburi makuu, kitalu cha 32A: watunzi Beethoven, Schubert, Brahms na Johann Strauss wamekaa karibu karibu kama mabenchi ya kwaya, na katikati mnara wa Mozart ambaye hayupo. Beethoven na Schubert waliletwa hapa mwaka 1888 kutoka Währing. Nilipiga picha nikaondoka. Makaburi hayana risiti.

Jumanne, Eisenstadt

Hii ndiyo siku niliyoingoja, maana mimi ni mtu wa Haydn na sioni haya kusema. Watu humwita "Baba Haydn" kwa sauti ya kumdharau kidogo, kama mzee mwema asiye na makuu. Wajaribu kuimbisha "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu" kutoka *Uumbaji* wake na kwaya yenye waimbaji wawili tu wa sauti ya tenor, ndipo wamwite mwema.

Eisenstadt ni mji mdogo kusini ya Vienna, kama kilomita hamsini. Ikulu ya ukoo wa Esterházy imekaa katikati, ya rangi ya manjano, kubwa kupita kiasi kwa mji wenyewe. Joseph Haydn, mtoto wa fundi magurudumu wa kijiji cha Rohrau, aliajiriwa hapa tarehe 1 Mei 1761 kwa gulden 400 kwa mwaka. Mkataba wake umehifadhiwa, na kila mwalimu wa muziki angeupenda au angeukimbia. Avae sare, soksi nyeupe, shati jeupe, nywele zipakwe poda. Aje kila siku kabla na baada ya mchana asimame sebuleni kuuliza kama mkubwa anataka muziki leo. Asuluhishe ugomvi wa wapigaji. Atunze ala. Na atakachotunga ni mali ya mwinyi: asimpe mtu nakala wala asimtungie mwingine bila ruhusa.

Haydn aliuvumilia mfumo huo karibu miaka thelathini. Sehemu ya malipo ilikuja kwa divai, kuni na nafaka. Mwinyi Nikolaus alipenda kupiga baryton, ala ya nyuzi ambayo leo ni watu wachache tu duniani wanaoijua, basi Haydn akamtungia zaidi ya trio 120, yaani tungo za ala tatu, zenye baryton. Fikiria kipaji kile kinatumika kumfurahisha mtu mmoja mwenye ala moja! Lakini Haydn mwenyewe alisema baadaye kwamba kukaa mbali na watu, akiwa na okestra yake ya kujaribia, kulimlazimisha awe wa pekee. Alikuwa na kitu ambacho Mozart hakukipata kamwe: wapigaji wale wale kila asubuhi. Akiandika kitu usiku, kesho kinapigwa, kibovu kinakatwa.

Ukumbi mkubwa wa ikulu sasa una jina lake. Niliruhusiwa kusimama katikati, nikapiga kofi moja. Sauti inakuja imeviringana, haina mwangwi wa kukera. Mlinzi alinitazama tu. Nadhani kila siku kuna mtu anapiga kofi.

Mwaka 1772 wapigaji walikuwa kwenye ikulu nyingine ya mwinyi huko Hungaria, mbali na wake zao, na msimu ukarefushwa. Haydn hakuandika barua ya malalamiko. Alitunga simfoni namba 45, na mwishoni wapigaji wanamaliza sehemu zao mmoja mmoja, kila mmoja anazima mshumaa wake na kutoka, mpaka wanabaki wawili wa fidla. Mwinyi akaelewa, kesho yake wakafunga mizigo. Sijui mgomo mwingine uliofanyika kwa adabu kiasi hicho.

Jioni nilipanda hadi Bergkirche alikozikwa. Haydn alifariki Vienna mwaka 1809, jeshi la Napoleon likiwa ndani ya mji. Muda mfupi baada ya mazishi, watu waliodai kusoma akili za binadamu kwa kupima mafuvu walimhonga mchimba kaburi wakaiba kichwa. Mwinyi wa wakati huo alipohamisha mwili kuuleta huku mwaka 1820 akakuta kiwiliwili na wigi. Wezi wakampa fuvu la mtu mwingine. Fuvu la kweli lilirudishwa mwaka 1954, na lile la bandia halikuondolewa, kwa hiyo ndani ya jeneza lile jeupe la marumaru mna Haydn mmoja na vichwa viwili.

Jumatano, Heiligenstadt

Zamani kilikuwa kijiji cha mizabibu na maji ya tiba nje ya Vienna. Siku hizi unafika kwa treni ya mjini. Probusgasse 6, ua wenye mti mkubwa. Daktari alimtuma Beethoven hapa mwaka 1802 apumzishe masikio. Tarehe 6 Oktoba aliandika barua kwa ndugu zake wawili, Carl na Johann, ambayo hakuituma kamwe. Ilikutwa kwenye makaratasi yake alipokufa mwaka 1827. Nakala yake ipo ukutani, na jambo la ajabu ni kwamba kila panapotakiwa jina la Johann ameacha nafasi wazi. Anaeleza aibu ya mtu aliyesimama karibu naye kusikia filimbi kwa mbali, yeye asisikie kitu. Alikuwa na miaka 31. Anasema alifikiria kujiua, akazuiwa na sanaa tu, maana bado hajatoa yote yaliyomo ndani yake. Kwenye kabati kuna mabomba ya shaba ya kusikilizia. Mojawapo ni kubwa kama la kumiminia mafuta ya taa.

Nikaendelea na swali langu. Beethoven hakuvaa sare ya mtu. Mwaka 1808 alitaka kuondoka Vienna, aende Kassel kwa mfalme Jérôme, mdogo wake Napoleon, aliyemwahidi mshahara. Wakubwa watatu wakashtuka. Machi 1809 walisaini mkataba wa kumlipa gulden 4,000 kila mwaka kwa sharti moja tu, asihame: Rudolph 1,500, Lobkowitz 700, Kinsky 1,800. Hakutakiwa hata kuwatungia wimbo. Kwa mtu aliyetoka kusoma mkataba wa Haydn jana yake, hii ni dunia nyingine.

Halafu dunia ikafanya yake. Mwaka 1811 serikali, iliyofilisiwa na vita, ilishusha thamani ya noti hadi moja ya tano. Mwaka 1812 Kinsky alianguka kutoka juu ya farasi akafa. Lobkowitz akaishiwa. Beethoven akaenda kudai mahakamani, akadai warithi wa marehemu, akaandika barua za mawakili, mpaka mwaka 1815 wakakubaliana gulden 3,400. Mtu aliyeandika barua ile ya Heiligenstadt ndiye huyo huyo aliyehesabu riba mpaka senti ya mwisho, wala sioni mgongano hapo.

Alasiri nilipita bustani ya Augarten, kwa sababu ya George Bridgetower. Baba yake alikuwa mtu mweusi aliyetumikia kwenye ikulu ya Esterházy. Mtoto alikua mpiga fidla hodari London. Tarehe 24 Mei 1803, asubuhi, yeye na Beethoven walipiga hapa sonata mpya, tungo la fidla na kinanda, ambayo wino ulikuwa haujakauka. Sehemu ya pili Bridgetower aliisoma akichungulia karatasi ya Beethoven mwenyewe. Beethoven alifurahi akamtunukia sonata. Kisha wakagombana, kwa maelezo ya Bridgetower ilikuwa juu ya mwanamke, na jina likafutwa. Sasa dunia nzima inaiita sonata ya Kreutzer, kwa heshima ya mpiga fidla Mfaransa ambaye hakuwahi kuipiga hadharani. Pale bustanini niliona watu wanakimbia mazoezi na watoto wanacheza. Jina la Bridgetower sikuliona popote.

Alhamisi, Nussdorfer Straße, kisha treni

Nyumba aliyozaliwa Schubert mwaka 1797 ilikuwa na familia kumi na sita, kila moja chumba na jiko. Yeye alizaliwa jikoni, karibu na meko. Miwani yake ipo, midogo, ya duara. Baba alikuwa mwalimu wa shule na Franz naye akafundisha watoto wadogo a-e-i-o-u kwa muda, huku akitunga. Mwaka 1815 peke yake nyimbo zaidi ya 140. Aliacha ualimu, na kuanzia hapo jibu la swali langu ni fupi: marafiki. Alilala kwao, walichanga kuchapisha nota zake za kwanza, walinunua nakala. Konseti moja tu ya kazi zake mwenyewe aliifanya, tarehe 26 Machi 1828, mwaka kamili tangu kifo cha Beethoven. Ukumbi ulijaa, pesa zikaingia, lakini magazeti ya Vienna hayakuwa na nafasi: Paganini, mpiga fidla maarufu, alikuwa amefika mjini. Novemba mwaka huo Schubert akafariki, miaka 31.

Treni ya Leipzig ilinichukua mpaka usiku. Mtunzi Robert Schumann alipitia njia kinyume na yangu: alikuja Vienna, akamtembelea kaka yake Schubert, Ferdinand, akaonyeshwa rundo la makaratasi, na ndani yake simfoni kubwa ya C ambayo hakuna aliyeijali. Akaituma Leipzig. Mtunzi Mendelssohn akaiongoza huko Machi 1839.

Mpwa wangu alikuwa ananisubiri stesheni na koti la ziada mkononi.

"Shikamoo mjomba. Umekula?"

"Marahaba. Nimekula mkate mkavu tangu Nuremberg."

Ijumaa, Leipzig

Kwetu Kilimanjaro jina la Leipzig ni la zamani. Wamisionari wa Kilutheri wa mji huu walifika mlimani mwaka 1893, na baadhi ya sauti nne tunazoimba Jumapili zilipita kwao. Kwa hiyo jioni, motet, yaani wimbo wa kwaya wa kanisani, ya wavulana wa Thomaskirche, kanisa alilofanyia kazi mtunzi Bach, nilijua cha kusikiliza. Besi wao ni vijana wa miaka kumi na saba, hawana uzito wa besi wa Machame, ila soprano zao zinakata hewa.

Mchana tulikuwa Goldschmidtstraße 12, nyumba alimofia Felix Mendelssohn mwaka 1847, miaka 38. Nani alimlipa? Mpwa alijibu kabla sijauliza: "Baba yake ana benki, mjomba." Ni kweli, ila alichokifanya na bahati hiyo ndicho cha kutazama. Akiwa kiongozi wa okestra ya Gewandhaus tangu 1835 alipigania nyongeza ya mishahara ya wapigaji. Mwaka 1843 alianzisha chuo cha muziki. Alipiga kinanda Thomaskirche kuchangisha pesa za mnara wa Bach. Wanazi waliing'oa sanamu yake mwaka 1936 kwa kuwa alizaliwa Myahudi. Meya Goerdeler alijiuzulu kwa jambo hilo. Sanamu mpya imesimama karibu na kanisa tangu 2008.

Dada yake Fanny alitunga kazi zaidi ya 400. Baba alimwandikia akiwa binti mdogo kwamba kwa Felix muziki huenda ukawa kazi, kwake uwe pambo tu. Nyimbo zake kadhaa zilichapishwa kwa jina la kaka. Mwaka 1842 Malkia Victoria alimwimbia Felix wimbo alioupenda kuliko zote kwenye kitabu chake, na Felix ikabidi akiri kwamba huo ulikuwa wa Fanny.

Jumamosi, Inselstraße 18

Sasa ni shule ya msingi yenye jina la Clara Schumann, na ghorofani kuna makumbusho. Robert na Clara walihamia hapa Septemba 1840, baada ya kumshtaki baba wa bibi arusi aliyekataa kutoa idhini. Walifunga ndoa tarehe 12, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21. Waliandika shajara moja, kwa zamu. Humo Clara analalamika kwamba Robert akitunga yeye hawezi kufanya mazoezi, kuta zinapitisha sauti, na vidole vyake vinarudi nyuma. Wakati huo yeye ndiye aliyejulikana Ulaya nzima. Mwaka 1844 walikwenda Urusi. Clara alipiga, Clara alilipwa, na Robert alikuwa mgonjwa na mwenye kununa, mume wa mpiga piano. Alizaa watoto wanane. Robert alipoingia hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1854 na kufa miaka miwili baadaye, Clara alirudi barabarani akapiga konseti kwa miongo kadhaa, kwa sababu ada za shule hazikusubiri.

Tuliketi kwenye ngazi za nje mpwa akila tofaa.

"Mjomba, kila nyumba unauliza walilipwa ngapi. Na wewe kwaya wanakulipa ngapi?"

Nikamwambia: sukari kilo tano Krismasi, mchele Pasaka, na sare kila baada ya miaka miwili.

"Haydn alipata divai," alisema.

Nikamwambia avae koti, tramu inakuja.